Manyoya ya Tumboni

Kwetu Muheto wananiita mlinzi wa jiko, na sikatai. Nilimaliza sekondari, nikarudi nyumbani, nyumba ikanipenda. Siku hiyo nilikuwa uani nikikwangua matumbo ya ng'ombe kwa maji ya moto. Dada yangu aliniachia kazi hiyo kwa sababu binti yake, wa mwaka mmoja, alikuwa anaharisha tangu jana. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Na mama yetu alikuwa amekataza asipewe maji:

"Ndoo iko inavuja, na munaendelea kuijaza?"

Mimi na diploma yangu ya sekondari tukaona ni hoja nzuri.

Dada hakutusikiliza, akamleta muuguzi wa sentre ya afya. Muuguzi akavuta ngozi ya tumbo la mtoto, ikarudi polepole. Akauliza kama kuna damu kwenye choo. Hapana. Akakoroga pakiti ya chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa, huku akinitazama mimi na matumbo yangu.

"Kaka, njo wewe mama wa hii nyumba?"

"Njo mimi. Lakini niambie, hii vidudu ya mikrobe inafanya nini mule ndani ya tumbo?"

Akashika utumbo mkononi mwangu. "Hapa, fasi haujakwangua, unaona manyoya? Ya mutoto iko midogo sana, jicho haiwezi kuiona. Njo inakunywa maji. Mikrobe inajibandika pale, inaiharibu. Inabaki kama hapa ulikwangua."

Nikamwagia maji pale palipokwanguliwa. Yakateleza yote.

"Basi Mama iko na haki! Maji itapita tu."

"Mikrobe haikwangue fasi yote. Kwenye imebaki, chumvi na sukari inaingia pamoja, maji inaifuata. Ukimunyima, anakauka, unabaki na hoja yako."

"Na manyoya itaota tena?"

"Siku chache tu. Kama anaishi."

Udadisi wangu ukakoma hapo. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikampakata mtoto, dada akaenda kuchemsha maji mengine. Kijiko, kijiko kingine. Akatapika. Tukangoja kidogo, nikaanza tena. Mama alikaa mlangoni, macho kwenye kijiko.

Alasiri nikasikia joto likishuka pajani. Si kuhara: mkojo, wa kwanza tangu asubuhi.

"Amekojoa!" dada akapiga kelele hadi kuku wakakimbia.

Mama akainuka, akaninyang'anya kijiko.

"Sogea kule. Haujue kunywesha mutoto, unamumwagia yote kwa shingo."