Safari za Kigwena na Jiwe la Kusagia

Mume wangu alipostaafu, nyumba yetu ya Rumonge iligeuka kambi.

Alikuwa kirangozi, yaani yule anayetangulia mbele ya msafara na bendera mkononi, wapagazi wote wakimfuata. Miaka thelathini alikwenda na kurudi kati ya ziwa letu na Tabora, mara nyingine mpaka pwani, na katika miaka hiyo mimi nilikuwa na mume kwa msimu, kama watu wanavyokuwa na embe. Kisha Wadachi wa Ujerumani wakaleta reli yao, mizigo ikapanda reli, naye akaja kukaa barazani kwangu moja kwa moja. Nilifurahi siku nane. Siku ya tisa alinipangia zamu ya kuteka maji.

Hakuja peke yake. Alikuja na mpiga ngoma wa msafara, mzee mwenzake asiye na mke wala mtoto, ambaye ngoma ilikuwa imemla masikio yote mawili. Tulimpa chumba cha uani. Kila alfajiri, kabla hata mwadhini hajakohoa, yeye alipiga ngoma ya kuondoka, na mume wangu akasimama mlangoni kutazama kama watu wameamka. Watu wenyewe nilikuwa mimi. Kisha alinipimia posho ya unga kwa kikombe, unga wa muhogo niliolima mwenyewe, nikauloweka mwenyewe, nikautwanga mwenyewe.

Alikuwa na tabia moja nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuja kutufikisha tulikofika. Zamani, kabla msafara haujaondoka, kazi yake ilikuwa kukagua wapagazi. Alimtembeza kila mmoja hatua ishirini, bila mzigo, akimtazama magoti. Hakutazama mabega kama wanavyofanya wajinga. Kisha alisema neno moja: "Atafika," au "Hafiki." Aliyeambiwa hafiki alirudi kwao, hata akilia. Basi alipostaafu neno lile halikustaafu. Aliwakagua mbuzi wa sokoni. Aliwakagua wageni walipoingia uani. Katika harusi ya jirani, bwana harusi alipopita mbele yetu na kanzu yake mpya, mume wangu alisema kwa sauti, "Hafiki." Nilipeleka kuku kwa wenye harusi kuomba radhi. Ubaya ni kwamba bwana harusi yule alimwacha mke akarudi kwao kabla mahindi hayajakomaa.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la kwenda msitu wa Kigwena. Nilitaka tu atoke nyumbani. Wadachi walikuwa wamekataza watu kuwinda katika msitu ule, wakasimamisha ubao wenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, na nyani walikuwa wameuelewa kabla yetu, maana walizidi na kukaa njiani bila wasiwasi. Nilimwambia mume wangu, twende tukawaangalie. Siku zile mtu aliingia msituni kwa ajili ya kuni, dawa au asali. Kwenda kuangalia tu, ukarudi mikono mitupu, lilikuwa jambo la kuombewa dua.

Alikubali, lakini kwa utaratibu wa msafara. Yeye mbele na bendera. Mpiga ngoma katikati. Mimi nyuma na mzigo. Nilikuwa nimefunga kikapu cha chakula, yeye akakiinua kwa kidole kimoja, akakitua.

"Huu si mzigo," alisema. "Watu wasio na mzigo si msafara, ni wazururaji."

Akaingia jikoni, akatoka na jiwe langu la kusagia.

Kwa hiyo tuliondoka Rumonge Jumamosi moja asubuhi, ngoma ikilia, bendera juu, na mimi jiwe kichwani. Jirani yangu, mama anayeanika ndagala pale ufukweni, aliacha kazi akasimama.

"Amahoro, mama. Munapeleka wapi hiyo jiwe?"

"Kigwena. Tunaenda kuangalia nyani."

Alifikiri kidogo. "Nyani iko na unga ya kusaga?"

Tulilipeleka jiwe Kigwena, tukalitua chini ya miti, tukala, tukawatazama nyani nao wakatutazama sisi, na nadhani wao ndio waliopata cha kusimulia. Jioni tulilirudisha. Jumamosi iliyofuata tukalipeleka tena. Nilinung'unika sana, lakini ukweli nitausema: nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kwenda safari yoyote na mume wangu, hata ya nusu siku.

Kitu kimoja tu kilinichoma. Kirangozi hageuki nyuma. Ni mwiko wao: akigeuka, walio nyuma hudhani kuna hatari, hutupa mizigo na kukimbia. Miaka thelathini nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikamtazama akienda mpaka penye kona ya michikichi, na hata siku moja hakugeuka. Niliuchukia ule mgongo. Sasa nilikuwa naufuata mpaka Kigwena, na bado hakugeuka. Njiani alikuwa akisimama tu ghafla, bila sababu, kisha anaendelea, nami nilidhani ndiyo maringo ya wakubwa wa misafara.

Ndipo akaja Mdachi mmoja mwenye sanduku la kupiga picha zinazotembea. Alikuwa anasubiri chombo cha kumvusha ziwa aende Manyema, na chombo kilikuwa kinachelewa kama desturi. Asubuhi ya Jumamosi alituona tukiondoka. Alilitazama jiwe muda mrefu. Kisha akatufuata mpaka ukingo wa msitu, akasimamisha sanduku lake juu ya miguu mitatu, na mpishi wake, mtu wa Ujiji aliyekuwa pia mkalimani, akatuambia tutembee kulielekea. Tulitembea. Mdachi alizungusha mkono wa sanduku kana kwamba anasaga kahawa.

Siku ya pili alikuja barazani kwetu. Alitaka kirangozi wa kumpeleka Manyema, miezi minne. Mume wangu alikubali kabla mpishi hajamaliza kutafsiri.

Nilitaka asiende. Nililitaka hilo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, kwa sababu nilijua, bila kuwa na ushahidi, kwamba hatarudi. Alikuwa anachukua muda mrefu kupanda kutoka ziwani. Alikuwa anaswali ameketi, akisema sakafu ina unyevu. Lakini akitembea, alitembea mbele yangu na mgongo umenyooka, na mgongo haukuniambia kitu.

"Baba watoto," nilimwambia, "safari hii imekuzidi."

"Mimi ndiye ninayekagua watu," alisema. "Nani atanikagua mimi?"

Na kweli, hakukuwa na mtu.

Wakati chombo kinasubiriwa, Mdachi alionyesha picha zake. Zilihitaji giza, naye hakupenda kungoja usiku kwa sababu ya mbu, basi akakodi ghala la ndagala. Tuliingia baada ya adhuhuri, milango ikafungwa, matundu yakazibwa kwa mikeka. Joto lilikuwa kali na harufu ya samaki ilikaa hata kwenye meno. Ukutani palitundikwa shuka jeupe.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Wazungu sita wakipanda mlima mweupe kama unga, na wote walikuwa wamefungwa kamba moja viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake. Pale ndani kulikuwa na wazee ambao wazazi wao walipita njia zetu wamefungwa hivyo hivyo.

"Wamekamatwa na nani?" mzee mmoja aliuliza taratibu.

Mpishi aliuliza, akarudi na jibu. "Hawakukamatwa. Wamejifunga wenyewe. Bwana anasema wanakwenda kujifurahisha."

Watu waligeuka wakatutazama sisi watatu, na kwa mara ya kwanza walituelewa.

"Wa tatu hafiki," mume wangu alisema.

Wazungu wale walikuwa wanakuja kwetu, wakizidi kuwa wakubwa. Hapo ndipo mama wa ndagala aliponyanyuka na kutoka. Alirudi na mtungi wa maji na ugali, akaviweka chini ya shuka. Mdachi alicheka sana, akadhani tumewaona ni watu wa kweli. Hakutuelewa. Mji wetu ni mji wa misafara. Watu wakifika, wanapewa maji, chakula, na maji ya moto ya miguu, na hatuulizi kwanza ni watu wa namna gani.

"Tunajua iko picha," mama wa ndagala alimwambia mpishi. "Lakini wamefika."

Tangu siku ile hakuna aliyeingia ghalani mikono mitupu. Picha ziliendelea wiki nzima, na sisi wastaafu hatukukosa hata moja. Waliopita shukani na farasi waliwekewa majani. Kanisa moja la Ulaya lililokuwa likitoa watu bila kikomo lilitumalizia unga. Mpiga ngoma ndiye aliyekula vyote kwa niaba ya waliofika, akisema kwa sauti kubwa ya viziwi kwamba katika maisha yake hajawahi kuona wageni wenye adabu namna ile.

Siku ya mwisho ilikuwa picha yetu. Kesho yake chombo kingeondoka. Bendera ilikuwa imefuliwa, kifurushi cha mume wangu kilikuwa mlangoni, nami nilikuwa sijalala vizuri kwa siku tatu. Hata hivyo nilichemsha maji, nikayatia chumvi, nikayabeba kwenda ghalani. Tulikuwa tunafika sisi, na desturi ni desturi.

Taa ikawaka. Njia ya Kigwena ikatokea shukani, na michikichi, na huko mbali watu watatu wadogo. Watu ghalani walipiga vigelegele. Mimi niliona jiwe kwanza, kisha mtu chini ya jiwe, nikajua ni mimi. Nilitembea vizuri kuliko nilivyodhani.

Kisha nikamwona yeye kwa mbele. Mgongo ulikuwa ule ule ulionyooka, lakini mbele yake kulikuwa na uso nisioujua, umeuma mdomo, umekunjamana kila mguu wa kushoto ulipogusa ardhi. Goti lilikuwa linakwenda upande. Alikuwa anaishikilia ile bendera kama fimbo.

Huko nyuma shukani, mimi nilisimama kurekebisha ngata chini ya jiwe. Na yeye akasimama. Hakugeuka. Aliinamisha tu kichwa upande, sikio nyuma, akangoja. Mpiga ngoma kiziwi alimgonga mgongoni, yeye hakujali. Nilipoanza tena kutembea, naye akaanza. Ilitokea mara ya pili, vilevile. Nilikaa pale kwenye harufu ya ndagala na sufuria yangu ya maji, nikahesabu Jumamosi zote alizosimama ghafla bila sababu. Nililia, na sikuona haya.

Watu wale watatu walizidi kukaribia, wakajaza shuka. Mume wangu, aliyeketi kando yangu, alikuwa ameinama mbele, macho kwenye magoti ya wale wa shukani, kama alivyofanya maisha yake yote. Neno likamtoka lenyewe.

"Wa mbele hafiki."

Ghala zima lilisikia. Nilimwona akifungua mdomo kulirudisha, lakini neno lile lilikuwa halijawahi kurudishwa kwa mtu yeyote.

"Nani hafiki?" mpiga ngoma aliuliza kwa kelele, kiganja sikioni.

Mashine ilikuwa inazunguka tu.

"Nani, wewe? Nani hafiki?"

"Mimi," mume wangu alisema.

Picha ikaisha, shuka likabaki jeupe. Wanawake wakaanza kuleta vyakula, ugali, samaki wa mukeke wa kukaanga kwa mawese, ndizi, na ukazuka ubishi kama viwekwe chini ya shuka au mbele yetu, maana waliofika walikuwa wako sehemu mbili. Mpiga ngoma aliumaliza kwa kuanza kula. Mimi nilisogeza sufuria yangu, nikamvua mume wangu viatu, nikamtia miguu ndani ya maji ya moto. Goti la kushoto lilikuwa limevimba kama boga, na alikuwa amelificha chini ya kanzu muda wote huo.

Mdachi alikuja na mpishi wake kukumbusha habari ya kesho.

"Mwambie atafute mwingine," mume wangu alisema. "Nimemkagua yule wa mbele."

Mdachi alisema haidhuru, angeweza kubebwa kwenye machela, watu wanne wangetosha. Mume wangu alimwomba mpishi arudie. Kirangozi aliyebebwa na wapagazi wake, bendera ikining'inia pembeni. Alicheka mpaka maji ya sufuria yakamwagika, na nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu reli ije.

"Yule wa nyuma, mwenye jiwe," alisema alipopumua, "huyo atafika. Huyo angefika mpaka pwani."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, nami bado nina neno hilo.

Jumamosi iliyofuata nilichukua bendera mimi. Jiwe lilibaki jikoni, na yeye alinung'unika kuanzia mlangoni kwamba huu sasa si msafara, ni uzururaji. Alikuja nyuma na fimbo. Mpiga ngoma alikuwa katikati, akipiga ovyo. Tulipofika kona ya michikichi, nilisikia fimbo imenyamaza. Shingo yangu ilitaka kugeuka. Nilisimama, nikainamisha kichwa upande, nikangoja mpaka niliposikia fimbo tena, ndipo nikatembea.