Pedi Mbovu Niliyompa Mchumba wa Mjukuu Wangu

Nimekosa, na nimekosa kwa makusudi. Msinitafutie sababu ya uzee, maana siku hiyo akili yangu ilikuwa inachemka kuliko ya kijana. Jina silitaji. Nikisema tu nakaa Kirumba na mjukuu wangu ana kibanda cha gemu, majirani wameshaanza kucheka.

Huyo mjukuu tumwite Kabula. Ni mwanamke mzima, kibanda amekijenga mwenyewe kwa kuuza dagaa pale sokoni Mwaloni. Mimi ndiye niliyemlea. Na mnajua mambo ya babu na mjukuu wa kike: tangu anatambaa namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu. Ugali ukiwa mlaini nampa talaka mchana, jioni tunarudiana. Kwa mzee aliyefiwa na mke kama mimi, utani huo ndio uliokuwa unaniamsha asubuhi. Wekeni hilo akilini.

Basi akaja Shija. Mwanaume wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, anauza vipuri vya baiskeli, mpole mpaka anakera. Alimtaka Kabula. Kwa desturi nilikuwa na haki ya kumsumbua, si ananiibia mke? Nilimficha kiatu. Nilimwita mwizi wa wake za watu mbele ya wageni. Alicheka, akasema shikamoo babu, nikaitikia marahaba mwizi. Jamani, ningeishia hapo!

Kabula akaandaa mashindano ya gemu la ngumi, lile ambalo watu wawili wanapigana kwenye runinga mpaka mmoja alale chini. Zawadi beberu mnene. Wateja walikuwa wameanza kumkimbia, wanafuata vibanda vyenye mashine mpya, naye alitaka kuwarudisha. Shija naye akajiandikisha. Kabula akaniomba niwe msimamizi.

"Mume wangu, mimi watabishana nami, mvi zako hawatabishana nazo," aliniambia. "Wakiona haki watarudi. Wasipoiona, nafunga kibanda."

Nilimsikia vizuri kabisa. Masikio yangu mpaka leo hayana tatizo.

Sasa kulikuwa na pedi moja mbovu. Pedi ndicho kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe. Kitufe cha kujikinga kilikuwa kinaganda, ukikibonyeza hakirudi, na sababu ni uji wangu, niliumwaga juu yake. Kabula aliizungushia utepe mwekundu ili mtu asiiguse, akaiweka kando.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo. Ujana wangu nilicheza ngoma. Kwetu Usukumani ngoma mbili zinashindana uwanja mmoja, wakati mmoja, na watazamaji wakihamia kwa mwenzako, umeshindwa, nenda nyumbani. Basi kila kundi lilikuwa na mtu wake wa dawa, kazi yake kuwalegeza wapinzani viungo. Haikuwa aibu. Ilikuwa sehemu ya ngoma. Kundi letu tulishindwa mara nyingi kwa sababu mtu wetu wa dawa alikuwa mlevi, lakini hayo tuyaache. Ninachosema ni kwamba nilipouona ule utepe mwekundu, nilisema moyoni: dawa ya Shija hii hapa.

Nikaubandua. Pedi nikaitia kwenye mfuko wa koti. Kisha nikajitungia sheria, kwamba kila pambano likiisha msimamizi anachomoa pedi, anazifuta jasho kwa kitambaa, anachomeka upya. Watu wakasifu usafi! Chini ya kitambaa hicho, zamu ya Shija ilipofika, nilibadilisha.

Akapigana na fundi viatu mmoja wa hapa mtaani. Ngumi ya kwanza akajikinga. Basi, ikawa ndiyo hiyo. Mtu wake kwenye runinga kajikunyata, kaziba uso kama anayeogopa nyuki, hasogei, anapigwa tu.

"Babu, kitufe kinaganda," alisema taratibu.

"Kinaganda au unaganda wewe? Huko Sengerema hamna vidole?"

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Mmoja akampigia kelele awahi kivuko arudi kwao. Shija alinitazama. Nadhani alielewa. Akasema sawa babu, akaweka pedi chini kwa mikono miwili, akatoka bila kumuaga Kabula. Nami nikacheka mpaka machozi. Mungu anisamehe, kilikuwa kicheko kitamu.

Pedi ikarudi mfukoni, nyingine ikachomekwa. Kwenye fainali yule fundi viatu akabaki peke yake, na Kabula alikuwa ametangaza kwamba atakayebaki atapigana na mwenye kibanda ndipo amchukue beberu. Nikafuta pedi kwa madaha. Kumbe nilipobandua ule utepe nilijitoa macho mwenyewe! Bila utepe zote zinafanana. Mfukoni, kitambaani, mkononi, sikujua tena ipi ni ipi. Nikamkabidhi Kabula ile mbovu.

Alibonyeza mara moja tu. Akasimamisha mchezo, akaigeuza, akapapasa gundi ya utepe iliyobaki mgongoni. Watu wote walikuwa wameona nani anagawa pedi.

"Hii niliifunga mimi," alisema. "Nani ameifungua?"

Nikasema, mke wangu, ulikuwa utani.

"Shija ungemtania nyumbani. Hapa ni kazini kwangu, babu."

Mashindano yakavunjika. Fundi viatu alikasirika kuliko wote, kwamba ushindi wake nimeutia uchafu. Wiki zilizofuata viti vilikaa vitupu, na Kabula akawa anafuta vumbi kwenye runinga ambazo hakuna anayezitazama.

Adhabu aliyonipa ni kwenda Sengerema kumrudisha Shija mwenyewe, kwa mdomo wangu. Fikirini: mume anavuka maji kwenda kumbembeleza mwizi! Nilimkuta anapanga minyororo ya baiskeli. Nikaomba radhi. Alinisikiliza, akanipa soda, akasema atarudi kwa sharti moja: nipigane naye mbele ya watu walewale, mimi nikishika ile ile mbovu.

Watu walijaa mpaka nje. Nilijikunyata kwenye runinga nikiziba uso, nikapigwa mpaka mama mmoja muuza samaki wa sato akaomba nionewe huruma. Siku hiyo wateja walianza kurudi. Mashindano yakarudiwa, Shija akamchukua beberu. Na beberu huyo nikamwona tena mlangoni kwetu, anavutwa kamba na washenga, kaja pamoja na posa. Nimemla. Alikuwa mgumu.

Mnadhani mambo yameisha vizuri. Kwao, ndiyo. Mimi sasa hata mtoto nikimpa pedi anaigeuza kwanza kuiangalia mgongo.

Na ugali ukiwa mlaini nasema, mke wangu, leo nakuacha. Kabula anaitikia kwa heshima kabisa: "Samahani, babu," na kesho yake anausonga mgumu. Babu. Siku hizi ni babu tu.

Wazee wenzangu, mtanieni mchumba wa mjukuu mnavyotaka, hata viatu mficheni. Ila kazi yake msiiguse. Mimi niliigusa, na sasa nakula ugali mgumu, mzuri, usio na talaka.