Utitiri Tumboni mwa Dundu

Kwetu Umatengo mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa miraba. Mwanamke huzifukia kwa udongo, katikati ya kila mraba pakabaki shimo. Ndiyo ngolo. Mwaka ule mama alikuwa amefariki. Baba alilaza nyasi zake kama kawaida, kisha akaniambia, "Ukimaliza kufukia kabla shangazi yako hajaja, mdogo wako atabaki, hatamchukua. Tusipopanda maharage nitamlisha nini?"

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Jembe nalijua, ila mkono wangu ni mzito. Mdogo wangu, ambaye hakuwa ameanza shule, alikuja kunisaidia, na msaada wake ulikuwa kuongea.

Siku moja aliokota dundu kwenye samadi, akamgeuza.

"Dada, amebeba watoto!"

Vidudu vya rangi ya kahawia, vidogo kuliko ulezi, vilikuwa vimemng'ang'ania tumboni. Nilimwambia si watoto, ni utitiri, ndugu zake buibui, wana miguu minane. Mabawa hawana. Samadi ikianza kukauka humpanda dundu, naye huruka nao mpaka kwenye samadi mbichi. Hapo hushuka. Tulifundishwa shuleni.

"Wanamnyonya damu?"

"Hapana. Wanasafiri tu."

"Nauli?"

"Hawalipi."

"Wajanja!" Akacheka. "Na kurudi je?"

"Warudi wapi?" Sauti ilitoka nyuma yetu. Shangazi alikuwa amefika kutoka Liuli, begi begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnachezea wadudu, na nusu ya nyasi bado imelala!" Akamwinamia mdogo wangu. "Haya, kautitiri kangu, panda mgongoni. Kwetu ziwani utakula usipa, dagaa wetu, mpaka uchoke."

Mdogo wangu akapanda, akicheka. Alidhani ni mchezo.

Asubuhi yake pikipiki ilikuja kuwachukua yeye na shangazi. Alipoona dereva anawasha, akaninyooshea mkono. "Dada, na wewe panda." Pikipiki ikaondoka. Nilimsikia akilia mpaka kwenye kona.

Nikarudi shambani. Baba akanifuata, akachukua jembe la mama, akaanza kufukia nyasi. Kwetu mwanaume hafanyi kazi hiyo. Wanawake waliokuwa wakipita walisimama kumtazama. Alifukia haraka, vizuri, kama aliyewahi kujifunza. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakulishika jembe hilo jana. Nikainua jembe langu. Tukaendelea, yeye upande ule, mimi upande huu, mpaka shamba likaisha.