Nafasi ya Lidwina

Tabu alifika kwenye shule ya misheni, nje kidogo ya Songea, siku ya kumi na mbili tangu uandikishaji ufungwe. Alitoka Madaba kwa miguu na binti yake Chiku. Huko ndiko njaa ilikowasukuma baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walipochoma maghala na mumewe kuuawa. Alikuwa akilima mashamba ya watu ili wapate kula, na asingeweza kuondoka kabla ya mavuno.

"Umechelewa, mama," alisema mwalimu Pankrasi, bila ukali. "Vibao vya kuandikia ni arobaini, na majina ni arobaini. Padri hataki hata moja lizidi."

"Kwa hiyo turudi tulikotoka?"

Pankrasi akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika jina la Chiku peke yake. Akaeleza kwamba mtoto akikosa siku kumi mfululizo hufutwa, na aliyechelewa huchukua nafasi yake. Kisha akapitisha kidole kwenye majina. "Yupo mmoja, Lidwina. Leo ni siku ya nane."

Siku mbili tu! Tabu alirudi kwa dada yake, walikofikia, moyo mwepesi. Lakini kesho yake asubuhi hakuweza kutulia. Akashika njia ya kuelekea Matogoro, alikoambiwa anaishi huyo Lidwina. Alijiambia anakwenda kuhakikisha tu kwamba mtoto harudi tena shule.

Alimkuta msichana wa rika la Chiku akipuliza moto wa kuni mbichi, macho yamemwiva kwa moshi. Ndani alilala bibi yake, mguu umevimba hadi gotini. Katika nyumba ile njaa haikuwabakiza wengine.

"Shule hutaki tena?" Tabu aliuliza.

"Nataka. Ila nani atamchotea bibi maji?"

Tabu aliuona mtungi mtupu kando ya mlango. Angenyamaza tu, angeaga, na keshokutwa Chiku angekuwa na kibao mkononi. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama yule mtoto, akaona hata kuomba msaada hajui aanzie wapi.

"Nipe mtungi," akasema. "Kesho nenda shule. Mimi na mwanangu tutakuwa hapa."

Lidwina akaenda. Chiku alipoelewa kilichotokea alilia, akakataa kula mpaka jioni. "Mama, si ulisema ni nafasi yangu?"

"Nilisema. Nilikosea." Moyoni Tabu alikuwa akiumia kuliko mtoto.

Pankrasi alipopata habari alikwenda kumwombea Chiku kwa Padri. Akarudi mikono mitupu: utaratibu ni ule ule. Mwaka ule wote hakuna mtoto hata mmoja aliyefutwa.

Tabu alimchotea maji yule bibi mpaka mguu ukapona, miezi mitatu. Jioni Lidwina alichora herufi mchangani, na Chiku, aliyeanza kwa kununa, akawa anazifuata kwa kidole.

Baada ya mavuno yaliyofuata, Pankrasi alifungua daftari jipya, akamwita Chiku kabla ya wote. Tabu alisimama nyuma ya wazazi wengine. Aliposikia jina la mwanawe likisomwa kwa sauti, alikaa chini palepale kwenye nyasi.