Wimbo Ambao Mama Alitaka Urudiwe

Juzi jirani yangu wa mtaa wa Kinindo alifungua boksi la santuri za zamani, na ile harufu ya makaratasi yaliyokaa na unyevu ikanirudisha miaka mingi nyuma, nyumbani kwetu Kanyosha.

Mdogo wangu alikuwa amefariki kwa malaria, na tangu mazishi mama alikuwa hazungumzi ila la lazima. Alasiri moja baba aliweka kwenye gramafoni santuri ya kondakta wa muziki aliyempenda sana: okestra kubwa, na mwanamke akiimba polepole kwa Kijerumani. Mama, aliyekuwa akichagua maharage, aliacha mikono ndani ya sinia.

"Anaimba nini?" aliuliza.

Baba aligeuza jalada, akasoma kimyakimya maelezo ya Kifaransa yaliyokuwa nyuma.

"Mutoto wake amekufa," alisema. "Nizime?"

"Apana. Rudisha."

Baba alirudisha sindano mwanzo. Safari hii mama alilia kwa sauti, hadi kilio chake kikaufunika wimbo, na baba akaketi sakafuni karibu naye. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mama akamtaja mdogo wangu kwa jina.