Kuhusu Moshi Ulioandikwa katika Daftari la Kamati

Nimesikia mara tatu, tena katika matanga ambako mtu hawezi kusimama akajitetea, kwamba niliwahi kubadilisha wiski katika posa ya binti wa jirani yangu. Sikubadilisha wiski. Nilikuwa katibu, na daftari ninalo hadi leo, jalada jeusi, mgongo mwekundu, kila ukurasa ukiwa na nambari. Nitaeleza mambo yalivyokuwa, na anayetaka kubisha aje na daftari lake.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapo mtaani Buruburu, nami nilikuwa bado afisa wa ugavi katika wizara ambayo sina haja ya kuitaja. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa karani wa masjala ya ardhi, mtu mpole kutoka magharibi, aliyevaa tai hata Jumamosi. Mwenzetu wa tatu aliuza ngozi na akala, vile viatu vya matairi, pale soko la Kariokor. Yeye alituzidi kwa pesa, sisi tukamzidi kwa adabu.

Kila Jumamosi saa nane mchana tulikutana sebuleni kwangu kuonja wiski. Kwa mishahara yetu, wiski ya kutoka ng'ambo ilikuwa kitu cha kutazamwa kupitia wavu wa duka la vileo, kisha mtu akaenda zake. Tulinunua kota, vile vichupa vya robo, za zile za bei ya chini, kila mmoja akaleta yake ikiwa imevishwa soksi ya shule ili lebo isimshawishi mtu, na tukazihukumu. Nilichora jedwali lenye safu nne: Rangi, Harufu, Ulimi, Mkia. Mkia ni ladha inayobaki baada ya kumeza. Neno hilo nililibuni mwenyewe, na kwa muda mrefu malipo yangu yalikuwa kuchekwa. Akidi ya kikao ilikuwa watu watatu, kwa hiyo mmoja wetu akiugua, hakuna aliyekunywa kihalali.

"Hii inanuka ngozi," alisema mtu wa Kariokor kuhusu karibu kila chupa.

"Andika ngozi, Bwana Katibu," jirani akaniambia.

"Ngozi ya mnyama gani? Jedwali linataka ufafanuzi."

"Ya mbuzi, mkubwa. Ng'ombe hapo hajafika."

"Na mkia?"

"Mkia pia wa mbuzi. Umekatika kabla sijaushika."

Mke wangu, ambaye alikuwa katika umoja wa akina mama wa kanisa, alituvumilia kwa masharti mawili: chupa isiguse vitambaa vyake vya kufuma, na sisi tusiguse jiko lake. Alituletea themosi ya maji ya kuchanganyia, akaiweka sakafuni kana kwamba anamwekea mbwa. "Maji ni yangu," alisema. "Yanayobaki ni dhambi zenu."

Balaa liliingia kupitia jarida kuukuu ambalo jirani aliliokota kazini kwake. Humo alisoma kwamba wiski bora za visiwa vya Uskoti hunukia moshi, kwa kuwa nafaka yake hukaushwa juu ya udongo unaoungua. Tangu siku hiyo Kamati haikutaka kusikia habari za ngozi. Watu watatu ambao mama zao walitokwa na machozi jikoni maisha yao yote kwa sababu ya moshi, sasa tulikuwa tukiutafuta ndani ya bilauri, tukiwa tumefumba macho.

Nao ukapatikana. Kulikuwa na wiski moja yenye picha ya kinu kwenye lebo, ambayo miezi ya nyuma tulikuwa tumeipa alama za aibu. Jumamosi moja ilivuliwa soksi baada ya kuonjwa, na sote tukaduwaa. Ilikuwa na moshi, ilhali ukali wa zile nyingine ulifunika kila kitu. Wiki iliyofuata ulikuwepo tena, na iliyofuata vilevile. Niliandika kwa kalamu ya wino: "Moshi: upo. Mkia: mrefu. Inapendekezwa." Jirani alisimama akaifunga tai yake upya.

Baada ya hapo alinijia ukutani siku ya Alhamisi, uso umemshuka. Binti yake alikuwa ameposwa, na wakwe walikuwa wakija Jumamosi ya wiki iliyofuata. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa mposaji, mzee aliyesoma Uskoti na kuishi upande ule wa jiji ambako miti ni mizee kuliko nyumba. Alikuwa amekwisha kutamka mbele za watu kwamba ataijua nyumba ya karani kwa atakachomiminiwa.

"Mimi si maskini, Bwana Katibu," jirani aliniambia. "Lakini siku hiyo naweza kufanywa maskini mbele ya mtoto wangu. Nimpe nini mtu yule?"

Niliitisha kikao cha dharura. Mtu wa Kariokor alikuwa na jibu tayari: "Mkubwa, tunatafuta chupa tupu ya ng'ambo, tunamimina ya kinu humo. Nani atajua?"

"Daftari litajua," nikamjibu, na hoja ikaanguka. Naomba msomaji aiweke akilini. Kikao kiliamua kwamba wiski ya kinu iandaliwe katika chupa yake yenyewe, lebo ikiwa wazi, kwa pendekezo la maandishi lenye sahihi yangu.

Siku ikafika. Asubuhi hiyo maji ya mfereji yalikuwa yamerudi baada ya mgao wa wiki nyingi, na mke wa jirani, kwa furaha, akajaza jagi la kioo akaliweka mezani. Mzee wa Uskoti alimiminiwa. Jirani akasimama, akatangaza kwamba hii ni wiski yenye moshi, iliyochaguliwa na Kamati. Mzee akaizungusha, akainusa, akaongeza maji, akaonja. Kisha akaonja tena.

"Mkwe," alisema, "moshi wenyewe uko wapi?"

"Labda umetoka kupitia dirishani," mmoja wa watu wake akadakia, na upande wao wote ukaangua kicheko.

Jirani hakucheka. Alinitazama mimi. Binti alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia mikononi, naye alikuwa akimtazama baba yake. Nilionja bilauri yangu. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na sukari na kitu kama msumari.

Nikafungua daftari, maana hapo ndipo ninapokimbilia mimi. Juu ya kila ukurasa nilikuwa naandika hali ya kikao: idadi ya wanachama, hali ya hewa, maji. Katika kurasa za mwanzo: "Maji: ya mfereji." Katika kila ukurasa wenye moshi, bila kukosa hata mmoja: "Maji: ya kuchemshwa, kwa sababu ya mgao."

Nilizunguka ukuta mbio, kwa kadiri afisa wa ugavi anavyoweza kukimbia akiwa na suti. Mke wangu alikuwa uani akijitayarisha kwenda kuchangamkia wageni.

"Mama, maji yetu unayachemsha vipi?"

"Kwa makaa, Baba Watoto. Gesi ni ya mboga. Na makaa yenyewe mabichi, moshi mpaka nguo za kwenye kamba zinanuka."

"Hufuniki sufuria?"

"Kifuniko si mlichukua nyinyi? Ndicho sinia la kamati yenu mwezi wa pili huu." Akanitazama nilivyokuwa nikihema. "Leo umekuja kuomba maji. Siku moja utakuja kuomba maombi."

Nilirudi na themosi ya maji hayo ya makaa ndani ya koti, kwa kuwa sikutaka maswali. Huo ndio mzizi wa uvumi wote: watu waliniona natoka mikono mitupu na kurudi koti limevimba.

"Mzee," nilimwambia yule wa Uskoti, "jaribu kuongeza haya."

Aliongeza, akanusa, akaonja. "Ehee," alisema hatimaye. "Huu sasa ndio moshi! Mbona mlikuwa mmeuficha?"

"Huamshwa taratibu," jirani akajibu, na sijui alikotoa maneno hayo. Binti akaingia na sinia. Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka mwisho.

Ningependa kuishia hapo. Lakini majuma mawili baadaye ulikuja ujumbe: mzee alijinunulia wiski ya kinu, haina moshi, ni bandia, na Katibu amwelekeze duka la ile halisi. Jirani alinisihi ukutani.

"Mwambie duka lilifungwa. Harusi bado mwezi mmoja."

"Unataka niandike uongo?"

"Nataka binti yangu aolewe."

Sikulala vizuri. Siku ya pili niliandika barua, nakala ikabaki daftarini. "Mheshimiwa, wiski ni ileile. Moshi ni wa mke wangu. Chemsha maji juu ya makaa mabichi, sufuria isiwe na kifuniko. Kosa ni la Katibu wala si la mwenye nyumba." Jibu halikuja. Jirani hakukanyaga kwangu Jumamosi nne mfululizo, na kwa kukosa akidi hatukuonja kitu.

Harusini nilikaa viti vitatu kutoka kwa mzee wa Uskoti, nikiwa tayari kwa lolote. Wiski ya kinu ililetwa, lebo wazi. Mzee akaitazama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa themosi ndogo. Akafungua. Harufu ya makaa mabichi ilinifikia pale nilipokaa. Alijiongezea, kisha akavuta kiti akamwongezea jirani yangu kwa mkono wake mwenyewe, nao wakagonganisha bilauri. Jirani akageuka kunitafuta, akatikisa kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua.

"Katibu," mzee akaniita juu ya vichwa vya watu, "mkia wake unauonaje?"

"Mrefu," nikamjibu.

Yote haya yameandikwa. Kifuniko cha sufuria nilikirudisha jikoni Jumatatu iliyofuata, na mke wangu akaweka sahihi ya kukipokea.