Ushanga Juu ya Ndoano

Mnisamehe makosa ya maandishi na herufi zinazolala ovyo. Nilimaliza shule ya msingi tu, na huwa ninaandika polepole.

Mwaka ule vita viliporudi, soko la Kamina lilibaki na mihogo na chumvi. Mimi na yaya, kaka yangu mkubwa, tukawa tunaenda mtoni. Namna ya kuvua niliivumbua mimi. Niliona samaki wa maji ya mbio wakifuata mayai ya wenzao yanayobingirika kwenye changarawe. Nikachukua ushanga wa plastiki, rangi ya chungwa, nikaupitisha kwenye mshipi na kuuacha vidole viwili juu ya ndoano. Ulikuwa mwepesi, maji yakauinua. Ndipo nikaokota plomb kwenye reli, vile vidonge laini, vizito, vya kufungia milango ya mabehewa, ambavyo wafanyakazi hukata na kutupa. Nikaponda kimoja, nikakishindilia kwenye tundu la ushanga. Ukazama na kubingirika kama yai.

Asubuhi moja askari waliolinda daraja la pale mtoni walitupekua. Chef, mkubwa wao, alikuta plomb saba mfukoni mwa yaya, zenye namba. Wiki ile behewa la jeshi lilikuwa limevunjwa.

“Mulifungua wagoni gani?”

“Chef, kama ningefungua wagoni, ningekuja huku na njaa?” yaya akajibu.

Hakuna aliyecheka. Walimvua viatu, wakamketisha chini, mikono kichwani. Akaeleza kuwa ni za kuvulia. Chef akasema hajaona plomb inayovua samaki, akanirushia mshipi nionyeshe.

Nilikaza ushanga kwa meno. Nilitupa mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili, hakuna. Nyuma yangu nilisikia bunduki ikikokiwa, au labda ilikuwa inafutwa tu, sikugeuka. Mara ya tatu mshipi ulisimama katikati ya mkondo. Nikavuta. Samaki alitoka na ndoano imemshika taya kwa nje.

Chef alimgeuza yule samaki mara mbili.

“Nani njo fundi wa hii?”

Yaya akaniangalia. Niliamini atakayejibu atapigwa. Nilijua jibu, lakini mdomo haukufunguka, kama darasani.

“Njo minyi,” yaya akajitaja. “Huyu mutoto ananifuata tu.”

Hawakumpiga. Walimrudishia viatu.

“Weye rudia nyumbani,” chef akaniambia. “Huyu atabakia, atatuvulia.”

Wiki tatu nilimpelekea bukari, ugali wetu, darajani. Alikuwa anavua kwa shanga nilizomtengenezea, na wao wanakula. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama mama analala. Kisha siku moja nilikuta askari wengine. Wale wa kwanza walikuwa wamepanda treni ya kaskazini, wakaondoka naye.

Mama anajua kwamba alichukuliwa kwa sababu alikuwa fundi wa samaki. Sijamwambia fundi alikuwa nani. Haya nimeyaandika kwa siku nne, akiwa shambani.

Wewe unayesoma, kama uliishi karibu na reli upande wa kaskazini, na ukaona askari wenye kijana mrefu asiye na bunduki, akiwavulia, tafadhali uniandikie. Hata mistari miwili. Hata kama habari ni mbaya.